Magonjwa matatu na benchi la mwisho: makanisa ya kwetu Tunduma yalivyopimwa

 Najua nimepotea kama bumu la mwezi uliopita, lawama zote nazikubali. Tumekuwa na majaribio mfululizo, halafu chumbani tuko wanne kwa kompyuta moja, kwa hiyo zamu yangu ya kuandika ikifika ni saa sita usiku na macho yameshajifunga yenyewe. Leo nimejificha maktaba hapa Mkwawa, Iringa kuna kile kibaridi chake kinachoingia hadi kwenye mifupa, na nimeamua kuandika kitu kilichonikaa kooni tangu semina ya wiki iliyopita.

Ilikuwa hivi. Mhadhiri wetu wa historia alikuwa anafundisha magonjwa ya mlipuko Afrika Mashariki. Katikati ya somo akaacha karatasi zake, akatutazama, akauliza: "Ugonjwa mkubwa ulipofika kwenu, kanisa au msikiti wenu ulimfungia nani mlango, na ulimfungulia nani?" Kimya. Wale mabingwa wa kudesa wakaanza kupekua madaftari, lakini swali lenyewe halimo kwenye daftari. Mimi jibu nilikuwa nalo. Nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza nitasema mwishoni, vumilieni kidogo.

Kwa wasioijua Tunduma: ni mji wa mpakani, mkoa wa Songwe, ule uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya laki mbili. Ukivuka barabara uko Nakonde, Zambia. Mstari wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa mkataba wa 1890, na hawakumuuliza Mnyamwanga yeyote, ndiyo maana Wanyamwanga wako pande zote mbili mpaka leo. Bibi yangu ana dada yake Nakonde. Akienda kumwona hasemi anakwenda Zambia, anasema anakwenda kwa dada. Baadaye ikaja reli ya TAZARA, ikakabidhiwa mwaka 1976, na barabara ya Dar kwenda Lusaka ikajaa malori ya mafuta, mbolea na shaba ya Kongo.

Kanisa letu ni dogo na bati lake limeshika kutu. Ila Jumapili utakuta humo Mnyamwanga, Mnyiha, Mndali, Mnyakyusa, Mkinga mwenye duka la jumla, dereva wa Kikongo ambaye Kiswahili chake tunakifuata kwa mbali lakini mapambio anayajua yote, mama wa Nakonde anayeomba kwa Kibemba, na dada wa baa anayekaa benchi la mwisho karibu na mlango ili atoke kabla ya sadaka ya pili. Ukitaka kujua kanisa ni la nani, usiangalie madhabahuni. Angalia benchi la mwisho.

1918: wazungu walipoondoka

Kwetu Injili ya Kimoraviani ilipitia Rungwe, walikofika mwaka 1891, kisha kituo cha Mbozi kikaanzishwa mwaka 1899 na Traugott Bachmann miongoni mwa Wanyiha. Huyu Bachmann alikuwa mtu wa peke yake. Wamisionari wenzake walikuwa hawambatizi mwanamume mwenye wake wengi mpaka awaache wengine. Bachmann, baada ya miaka ya kukaa na watu, akaona kumtaka mtu amfukuze mama wa watoto wake ili aitwe Mkristo ni dhambi juu ya dhambi, akataka wapokewe. Alipingwa, lakini swali likabaki Mbozi: nani anaingia?

Vita ya Kwanza ikaja. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutokea kusini, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Ghafla makanisa ya Rungwe na Mbozi yakabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, watu ambao hadi jana walikuwa wanaitwa wasaidizi. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuja kusimamia baadaye, na Wajerumani waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Hapo katikati palikuwa na njaa na wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu. Halafu ikafika homa.

Homa ya mafua ya 1918 iliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50 duniani. Kusini mwa Afrika iliingia kwa meli bandarini Cape Town mwezi Septemba, ikapanda treni kuelekea Rhodesia, halafu ikashuka na kutembea kwa miguu pamoja na wachimba migodi waliokuwa wanarudi makwao. Upande wa pili alikuwa anakuja Jenerali von Lettow-Vorbeck na kikosi chake, wagonjwa wa mapafu tayari wamo. Alipita Mbozi mwishoni mwa Oktoba, mwanzoni mwa Novemba akavuka karibu na Fife, yaani hapo hapo kwetu, na tarehe 25 Novemba 1918 akasalimisha silaha Abercorn, siku hizi panaitwa Mbala. Homa ikawaua wengi wa watu wake baada ya vita kwisha. Angalieni ramani, jamani. Homa ya kusini na jeshi la kaskazini vilikutana kwenye njia tunayouzia chipsi leo. Tanganyika nzima walikufa makumi ya maelfu.

Bibi alisimuliwa na mama yake, ambaye wakati ule alikuwa binti mdogo, kwamba waliokwenda kuzika asubuhi walizikwa jioni, na kwamba aliyekuwa anapita nyumba kwa nyumba na kibuyu cha maji alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Hakuwa daktari wala mchungaji wa kuwekewa mikono. Maji tu. Ukiwa na homa kali na nyumba nzima imelala, mtu wa kukuletea maji ndiye anayeamua kama utaamka.

Ila kuna upande wa pili wa hadithi. Miezi hiyo hiyo, 1918 na 1919, ng'ambo kwenye vijiji vya kuzunguka misheni ya Mwenzo, walitokea wahubiri wa Watchtower waliorudi kutoka Rhodesia ya Kusini, akina Hanoc Sindano. Walihubiri kwamba mwisho umefika, na watu wakabatizwa kwa makundi. Serikali ikawakamata. Vitabu vingi vinaeleza habari hii kama siasa, na kweli ni siasa. Lakini mimi naona na kitu kingine. Kanisa la misheni lilikuwa na foleni ndefu: darasa la miaka, mtihani, kuacha mke wa pili. Wale wakasema njoo leo hii. Kwa mtu aliyezika watoto wawili wiki moja, unadhani atasubiri darasa la miaka miwili?

UKIMWI: mama mdogo

Ugonjwa wa pili mnaujua. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na barabara kuu zikaubeba. Mji wa foleni za malori, ambako dereva analala siku tatu akisubiri karatasi, ulikuwa kama umeandaliwa. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta kama asilimia 5 ya watu wazima nchini wana virusi, na kwa jirani zetu Mbeya ni zaidi ya 9. Dawa za bure zilianza kutolewa mwaka 2004. Kabla ya hapo dawa ilikuwa ni minong'ono.

Mama yangu mdogo alikuwa anapika kwenye nyumba ya wageni. Alipoanza kukonda, benchi alilokaa kanisani likaanza kuwa na nafasi. Hakuna aliyemwambia ondoka, eti watu walikuwa tu "wanasogea kupisha hewa". Mama anasema wakati ule mahubiri karibu yote yalikuwa juu ya uzinzi, na kila mhubiri akifika hapo macho yanaelekea benchi lile. Mwishowe hakwenda tena. Kanisa lile silitaji, maana nina hakika wengi wenu mnalo la namna hiyo kwenu.

Sasa linganisheni na Uganda. Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Uganda alifiwa na mke wake mwaka 1991, na mwaka uliofuata akajua kwamba yeye mwenyewe ana virusi. Angeweza kuficha. Akasema hadharani, akiwa miongoni mwa viongozi wa kwanza kabisa wa dini Afrika kufanya hivyo. Kuanzia mwaka 2003 akawa na wenzake katika mtandao wa viongozi wa dini wanaoishi na virusi au walioguswa navyo, ANERELA+, ambao ulifika mpaka huku kwetu. Hapo mzee wa kanisa atasema nini? Ugonjwa aliokuwa anauelekeza kwenye benchi la mwisho sasa umesimama mimbarani umevaa kola. Naamini hilo moja lilifanya kazi kuliko semina mia.

Mchungaji aliyekuja kwetu baadaye hakuwa maarufu kama Byamugisha, lakini Jumapili yake ya kwanza, kabla ya ibada, alikwenda nyumbani kwa mama mdogo, akamchukua, wakaingia pamoja, akakaa naye benchi lile lile hadi wimbo wa pili ulipokwisha. Ndipo akaenda mbele. Mama mdogo yuko hai mpaka leo, anakunywa dawa zake, na ukikosea kukunja shati atakufundisha upya.

Korona: mlango uliokuwa wazi

Ugonjwa wa tatu nimeuona kwa macho yangu, nikiwa kidato cha tatu. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa, nikarudi nyumbani kuuza vocha. Tarehe 22 Machi Rais Magufuli akiwa kanisani Dodoma alisema nyumba za ibada hazitafungwa, kwamba korona ni shetani na haiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Aprili tarehe 17 hadi 19 tukawa na siku tatu za maombi ya kitaifa. Baadaye takwimu zikakoma kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na mwezi Juni tukaambiwa nchi haina korona.

Mlango wazi kwa wote si ndiyo ujumuishi wenyewe? Hapo ndipo palinichanganya, na nadhani ndipo somo lilipo. Mlango wazi ni mzuri, lakini kuna watu ambao mlango wazi bila tahadhari unawafungia nje: wazee, wenye kisukari, na watu kama mama mdogo. Wako huru kuingia, lakini wakiingia wanaweza kufa. Kwa hiyo wanabaki nyumbani peke yao, na kanisa linasema "mbona tumewafungulia?"

Baadhi ya viongozi waliliona hilo mapema. Aprili 2020 Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara alisimamisha misa za hadhara, na Askofu Benson Bagonza wa KKKT Karagwe naye akasimamisha ibada. Wote wako Kagera, mpakani kama sisi. Sidhani ni bahati tu. Watu wa mpakani huwa wanasikia kikohozi cha jirani kabla ya taarifa ya habari.

Sisi mchungaji wetu hakufunga. Alifanya kitu cha kati. Ibada moja akaigawa tatu, ya kwanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa ajili ya wazee na wagonjwa tu, wakati hewa ni safi na madirisha yako wazi. Ndoo za maji tiririka mlangoni. Kupeana mikono marufuku, na hapo walilalamika kweli, maana Mnyamwanga asipokusalimia kwa mikono miwili unahisi amekutukana. Wanaokunywa dawa za kudumu akawapangia vijana wa bodaboda wa kuwachukulia dawa, lakini kila mmoja aliombwa ruhusa yake kwanza, ili siri ya mtu ibaki ya mtu.

Halafu Mei. Zambia walipima Nakonde wakakuta makumi ya wagonjwa kwa mkupuo, na Rais Edgar Lungu akafunga mpaka kuanzia tarehe 11 Mei 2020. Kile kituo cha pamoja cha forodha ambacho yeye na Magufuli walikizindua Oktoba 2019 kwa vigelegele kikawa kimya. Mizigo iliruhusiwa tena baada ya siku chache, lakini siku hizo chache zilitosha. Malori yalipangwa kurudi nyuma mpaka huwezi kuona mwisho. Na mji uliokuwa unaishi kwa hao madereva ukaanza kuwaogopa. Mamantilie hawataki kuwauzia, watoto wanawakimbia wakipiga kelele "korona hiyo!" Dereva akaulize wapi choo? Utingo akanawe wapi?

Baraza la wazee wa kanisa lilikaa usiku. Baba alikuwemo, akatusimulia. Mzee mmoja akasema tuwalinde kondoo wetu kwanza. Mchungaji akamuuliza: "Mzee, yule dereva anayekaa benchi la tatu kila akipita hapa, anayetoa sadaka kwa kwacha, yeye ni kondoo wa nani?" Basi asubuhi akina mama wakapika uji kwa madebe. Uliwekwa kwenye meza kando ya barabara pamoja na ndoo ya maji na sabuni, wapishi wakasogea nyuma hatua kumi, madereva wakaja kujichotea kwa vikombe vyao wenyewe. Hakuna aliyemgusa mwenzake na wote walishiba. Mpaka leo nikisikia neno "tahadhari" naiona ile meza. Watu walidhani ukiwa na tahadhari huna upendo, na ukiwa na upendo huna tahadhari, lakini meza ile ilikuwa na vyote viwili.

Waimbaji wetu wa Nakonde wakawa wamekatwa. Jumapili simu iliwekwa kwenye spika karibu na kipaza sauti, wao wakiimba kule, sisi tukiitikia huku, na mtandao ukikata tunamalizia wenyewe.

Januari 2021, na kwa nini nilinyamaza

Wimbi la pili lilikuja kimyakimya. Misiba ikazidi na kila mmoja alikufa kwa "nimonia" au "changamoto ya upumuaji". Tarehe 26 Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka, umesainiwa na rais wake Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, ambaye jimbo lake wakati huo lilibeba na Songwe yetu. Kwa ufupi ulisema ugonjwa upo, nchi yetu si kisiwa, na kusali kuende pamoja na kujikinga. Jirani yetu Mkatoliki alitoka kanisani akaja kutusimulia huku amesimama, hakukaa. Mwezi Machi katibu wa baraza hilo, Padri Charles Kitima, alitaja kwamba ndani ya miezi miwili walikuwa wamefariki mapadri zaidi ya 25 na watawa 60. Waliokufa wengi namna hiyo ni watu ambao kazi yao ni kwenda alipo mgonjwa.

Sasa yangu. Mwezi ule ule wa Januari nilikuwa nakohoa. Si sana. Nilikuwa na kahoma, pua haisikii harufu ya vitunguu. Mchungaji alikuwa ametangaza wazi: mwenye kikohozi abaki nyumbani, hatahukumiwa. Lakini kwaya ilikuwa inajiandaa na tamasha, nilikuwa nimepewa sehemu ya kuimba peke yangu kwa mara ya kwanza maishani, na nilijua nikikosa mazoezi atapewa mwingine. Nikanyonya tangawizi nikaenda. Siku tatu. Mwalimu wetu wa kwaya, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa anasimama karibu kabisa na mwimbaji ili asikie kama amepanda sawa.

Alizikwa Februari. "Changamoto ya upumuaji."

Najua mtasema huna ushahidi, na ni kweli, sina. Mji mzima ulikuwa unakohoa. Kama mwanahistoria mtarajiwa siwezi kuandika sababu ambayo siwezi kuithibitisha. Lakini na kinyume chake siwezi kukithibitisha. Pale makaburini mchungaji alisema, "Jamani, tusione aibu kuvaa barakoa," wengine wakaguna, familia mbili zikahama kanisa kwa maneno hayo. Mimi niliimba ile sehemu yangu, wakanisifu.

Nilimweleza mchungaji mwaka jana, nilipokwenda likizo. Alikaa kimya muda mrefu. Hakuniambia si kosa lako, na nilishukuru kwa hilo, maana nisingemwamini. Aliniambia kwamba Jumapili niende nikakae na mama wa marehemu, mjane wake, yeye siku hizi anakaa benchi la mwisho kwa sababu miguu haimpeleki mbele. Nikaenda. Nimekaa naye kila Jumapili niliyokuwa nyumbani. Bado sijamwambia. Likizo hii nitamwambia, na ndiyo sababu naandika leo, ili nisirudi nyuma.

Kwa hiyo mhadhiri, kama unapitia ukurasa huu, jibu langu ndilo hili. Mwaka 1918 mlango ulishikiliwa na mwalimu mwenye kibuyu, ila darasani foleni ilikuwa ndefu. Kwenye UKIMWI tulifunga mlango kwa macho, mpaka mtu mmoja alipokubali kukaa kule nyuma. Kwenye korona tulijifunza kwamba kumpenda mtu wakati mwingine ni kusogea hatua kumi, na kwamba anayeweza kumfungia mwenzake nje si mzee wa baraza tu. Hata binti wa kwaya mwenye tangawizi mdomoni anaweza.

Chanjo ilipokuja Julai 2021 mama mdogo alikuwa kwenye foleni ya kwanza kwanza, na mchungaji nyuma yake. Kulikuwa na maneno mengi mjini juu ya chanjo ile, mnayakumbuka. Yeye alijibu kwamba ameshazoea kusemwa.

Haya wadau, zamu yangu ya kompyuta imekwisha, mwenzangu amesimama hapa mgongoni anapumua kwa hasira. Mkirudi makwenu likizo, kaeni na bibi zenu mwaulize habari za magonjwa. Waulize nani alileta maji.